Kikohozi cha Wakili Sylvanus

Wakili Sylvanus alikuwa na kikohozi ambacho hakuna daktari wa Moshi ambaye angekipatia dawa, kwa sababu hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa kazi. Alikirithi kwa marehemu Wakili Wenseslaus, mzee aliyemlea katika sheria enzi zile mawakili wa mji mzima walipokuwa wanatosha kwenye meza moja ya harusi. Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Wakili kijana anasimama kuzungumza, mkubwa wake anakaa nyuma kidogo. Kijana akienda vizuri, mkubwa ananyamaza. Kijana akielekea shimoni, mkubwa anakohoa, mara moja tu, kikavu, na kijana anaimeza sentensi kabla haijamtoka. Mteja anadhani ni vumbi la mafaili.

Goodness alipoanza kazi pale ofisini, ghorofani karibu na soko, alifundishwa kikohozi kabla hajaonyeshwa birika la chai linakaa wapi.

"Nikikohoa, simama hapo hapo," Sylvanus alimwambia. "Nikinyamaza, songa mbele. Kunyamaza kwangu ni sawa na kuweka saini."

"Sawa, Senior," alijibu Goodness. Ndivyo mawakili vijana wanavyowaita wakubwa wao siku hizi, na Sylvanus alilipenda neno hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Binti alikuwa wa Machame kwa wazazi na wa Mwanza kwa malezi. Kichagga chake kiliishia kwenye salamu, na Kilimanjaro yake ilikuwa ile ya Krismasi: mbuzi, ndugu, picha na mlima kama mlima umekubali kuonekana, kisha basi la kurudi. Lakini kichwa alikuwa nacho. Miezi ya mwanzo Sylvanus alimtangaza kila alipokwenda. Hata kwenye mkutano wa mawakili wa mkoa, alipoombwa azungumzie malezi ya mawakili chipukizi, alisimama akasema kwamba mwalimu asiyetaka kupitwa na mwanafunzi wake aache kufundisha, akafuge kuku. Walimpigia makofi mpaka akaona haya kidogo. Akapiga na picha, yeye katikati.

Maneno mazuri hayo, na mtu anaweza kuyasema mwaka mzima bila kuchoka, mradi hajaanza kupitwa.

Kilichomtibua kilianza na mkungu wa ndizi. Bibi Salvina, mjane wa Uru, alikuwa mteja wake wa miaka mingi. Mumewe alipofariki, shemeji yake Filbert, ambaye kihamba chake, yaani shamba la ukoo la migomba, kinapakana na cha marehemu, alianza kuuhamisha mpaka. Mpaka huko juu ni masale, ile mimea yenye majani marefu ambayo wazee waliipanda mstari kutenganisha shamba la huyu na la yule. Masale hayana miguu, lakini ya Filbert yalitembea. Kila msimu wa mvua yalikuwa yamesogea kidogo, na yalipotulia yalikuwa yameshameza migomba, mibuni, na kaburi la mume wa Salvina. Mjane akawa haendi kwenye kaburi la mumewe ila kwa kupita shambani kwa shemeji. Siku moja alikuta mbuzi amefungwa kwenye msalaba. Hapo ndipo aliposhuka mjini kutafuta wakili.

Kesi ikaingia Baraza la Ardhi, na kama mjuavyo kesi za ardhi, ikakaa. Wenyeviti walihama, mashahidi walizeeka. Lakini kila tarehe Bibi Salvina alishuka Uru na kitu mkononi, leo mkungu wa ndizi mshare, kesho maziwa mgando kwenye kibuyu, na vyote vilikwenda moja kwa moja mezani kwa Sylvanus. Alikuwa na njaa gani Sylvanus ya ndizi? Nyumbani kwake zinaoza. Ila mkungu ule ulikuwa na maana yake, na alizoea kuusikia ukitua mezani kwake.

Sasa Goodness, bila kutumwa na mtu, akapanda Uru Jumamosi moja na mabuti ya kuazima. Akamkatia bibi majani ya ng'ombe, akazungushwa kihamba chote, akaketi jikoni mpaka jioni. Wiki iliyofuata Bibi Salvina akaingia ofisini na mkungu wake, akampita Sylvanus aliyekwishasogeza mafaili kuuwekea nafasi, akautua mezani kwa binti.

"Shikamoo, mama," alisema Sylvanus.

"Marahaba, Wakili," alisema bibi, tayari amempa mgongo. "Mwanangu, zile za kupika mtori ni hizi za chini. Usizikawize."

Mtu mzima, mwenye wajukuu, roho ilimuuma kwa sababu ya ndizi. Tusimfiche, ule ulikuwa wivu, tena ule wa kitoto kabisa. Alijiambia ni suala la nidhamu, kwamba wakili hapaswi kumzoea mteja, na jioni ile alimsomea Goodness somo refu juu ya mipaka ya taaluma. Goodness alisikiliza kwa heshima, akashukuru, akampa nusu ya zile ndizi apeleke nyumbani. Hilo la mwisho lilimchoma zaidi.

Baadaye ikaja siku ya kumhoji Filbert. Filbert alijisimamia mwenyewe, maana mawakili wote aliowahi kuwa nao aligombana nao. Alikuwa mtu wa maneno, na kwa miaka mingi Sylvanus alimkimbiza kwa maswali ya vipimo na hatua bila kumkamata. Siku hiyo, Sylvanus akiwa na mafua ya kweli, alimwachia Goodness asimame. Binti akauliza jambo moja dogo.

"Baba yenu alipowagawia, maji ya mfongo yalipita upande wa nani?"

Mfongo ni ule mfereji unaoshusha maji kutoka mlimani kupita kwenye vihamba. Filbert hakuona mtego. Alijibu kwa majivuno kwamba mfongo ulipita kwa kaka yake, na kwamba yeye alikuwa anaomba maji huko.

"Na leo mfongo uko upande wa nani wa masale?"

Leo mfongo ulikuwa ndani, katikati ya shamba analoliita lake. Ukumbi wote ukaelewa kwa pamoja. Mwenyekiti, mama mmoja mtulivu kutoka Singida, akainua macho kwenye karatasi zake, akasema Baraza litakwenda Uru kuona kwa macho.

Kule nje kwenye korido mawakili wenzake walimzunguka Sylvanus. "Senior, hongera, umepata mrithi." "Senior, sasa unaweza kupumzika." Mmoja akamwambia kwa utani kwamba aanze kutafuta hao kuku. Sylvanus alicheka nao kwa meno tu. Nyumbani, mkewe Theodora alikuwa ameshasikia, kwani Moshi hakuna siri, akasema huku akimwekea chakula, "Yule binti wako ana akili jamani. Swali moja tu." Sylvanus akasema hana njaa.

Kwa nini hakuliuliza yeye? Hilo ndilo lililomnyima raha. Mwenye kihamba huku mlimani ni yeye, aliyeoga kwenye mfongo utotoni ni yeye, na aliyeuliza ni mtoto aliyekulia kando ya ziwa. Akaanza kumchunguza. Binti akicheka kwenye simu, alihisi anachekwa yeye. Karani wa Baraza akimsalimu Goodness kwanza, aliiweka moyoni. Akianza kusahihisha kazi yake, kalamu ilitafuta kosa na isipolipata ilikasirika. Goodness aliona anasahihishwa sana, akadhani ni upendo, akazidisha bidii.

Msumari wa mwisho aliupiga Bibi Salvina mwenyewe.

"Wakili," alisema, siku chache kabla ya Baraza kupanda Uru, "huko shambani naomba aongee huyu mtoto. Wewe kaa karibu yake."

"Bila shaka, mama," alisema Sylvanus. "Ndivyo nilivyokuwa nimepanga." Uongo mtupu, na bibi alijua.

Walipanda Uru asubuhi yenye mawingu, udongo umelowa. Mwenyekiti alikuja na wazee wawili wa Baraza, wale wanaokaa naye kumpa maoni, mmoja wao mwenyeji wa huko huko mlimani, Mzee Fabian. Filbert alikuwa amevaa koti na kofia ya pama. Ukoo wote ulikuwepo, wanaume wamesimama kwenye migomba, wanawake kwenye ngazi za nyumba. Bibi Salvina aliwekewa kigoda karibu na mpaka, na kutoka pale aliweza kuuona msalaba wa mumewe upande wa pili.

Goodness aliongea, na aliongea vizuri, wacha tumpe haki yake. Aliwaonyesha mfongo. Alimwuliza Filbert hiki na kile, kwa adabu, huku akimwita baba. Sylvanus alisimama nyuma yake na koo kavu, akisubiri pa kukohoa, na hakupapata. Kila jibu zuri lilipotoka alisikia wanaume wa ukoo wakinong'ona, na hakuna aliyenong'ona habari zake yeye.

Ndipo Goodness akageukia masale. Yeye na Sylvanus walikuwa wameshazungumza kwamba masale ya mpaka ule ni machanga, vishina vyembamba, wakati mzee aliyegawa kihamba alikufa zamani. Hilo lilitosha kuonyeshwa kwa kidole. Lakini binti alikuwa amepata moto. Aliusogelea mstari, akanyoosha mkono kwenye isale moja, akashika ncha yake yenye majani ili aichume. Kisha, kabla hajaichuma, akageuka, akamtazama Sylvanus.

Asiye wa mlimani hapa anaweza asione kitu. Lakini kwa Wachagga isale si mpaka tu. Aliyemkosea mwenzake humpelekea isale kuomba msamaha, na aliyepelekewa isale hakatai. Ukipokea, umesamehe. Ukitoa, umekiri kosa. Watoto wa mlimani wanalijua hili kabla hawajaanza shule. Binti wa Mwanza aliyekuja Krismasi kula mbuzi angelijulia wapi? Alichotaka yeye ni jani la kumwonyesha Filbert na kumwuliza, je, huu ni mmea wa baba yako?

Sylvanus aliliona lote, tangu mwanzo mpaka mwisho, kabla kidole cha binti hakijakaza. Kikohozi kilimpanda kooni chenyewe. Alikihisi kabisa. Na akakimeza. Acha ateleze, alijiambia. Ateleze kidogo tu, hawa watu waone kwamba kuna vitu havifundishwi chuoni, kisha mimi nipo, nitamwinua. Akageuza macho akatazama upande wa mlima.

Goodness akachuma. Akavuka hatua mbili tatu za udongo, akamnyooshea Filbert lile jani kwa mikono miwili, kwa kuwa amelelewa vizuri na mtu mzima hapewi kitu kwa mkono mmoja.

Filbert alilitazama jani, akamtazama binti, na mtu angeweza kuona furaha ikimpanda usoni polepole. Akavua kofia. Akalipokea kwa mikono yote miwili, akasema kwanza kwa Kichagga, kisha kwa Kiswahili ili Mwenyekiti asikie.

"Nimepokea. Nimemsamehe shemeji yangu. Mbele yenu wote, yameisha."

Mwanamke mmoja pale ngazini akashika mdomo. Goodness alibaki amenyoosha mikono mitupu, akitazama huku na huku. "Baba, mimi nilikuwa nauliza..."

"Nini kimetokea?" aliuliza Mwenyekiti. Mzee Fabian akamwinamia, akamweleza kwa sauti ya chini. Mwenyekiti alikunja uso. Akasema Baraza linahukumu kwa ushahidi, si kwa majani, lakini hakutaka ukoo useme baadaye kwamba jambo lilimalizwa kimila na Baraza likalifukua. Akamgeukia mjane. "Bibi Salvina, wewe ndiye uliyemtuma wakili wako aombe msamaha?"

Jamani, hilo lilikuwa swali zito kumpa mama mzee. Akisema ndiyo, amekiri kwamba mwenye kosa ni yeye, na kaburi linabaki kwa shemeji milele. Akisema hapana, ameikana isale mbele ya ukoo, na mwenye kuikana isale huko juu hata mazishi yake watu wanakuja kwa shingo upande. Badala ya kujibu, akamtazama Sylvanus, na watu wote, wakifuata macho yake, wakamtazama Sylvanus.

Alikuwa ameyakosa macho hayo kwa miezi. Mungu amsamehe, aliyaonja kwanza. Alipanguza miwani yake, akaivaa, ndipo akasogea mbele.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "isale ya msamaha inabebwa na mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili. Na kabla hajaitoa, anataja kosa. Huyu binti ametaja kosa gani? Ameuliza swali. Amekulia Mwanza, kachuma jani kuonyesha, sawasawa na mtu anayeokota jiwe. Na Bwana Filbert analijua hilo vizuri, maana yeye hakukulia Mwanza." Akamgeukia mzee wa Baraza. "Mzee Fabian, kwa ruhusa ya Mheshimiwa. Mtu anayepokea isale ambayo hakuletewa, kwenu mnasema anafanya nini?"

"Anaichezea," alisema Mzee Fabian.

"Na anayeichezea isale?"

Laana ya hilo kila mtu pale aliijua. Mzee alimtazama tu Filbert, na wanaume wa ukoo nao wakamtazama Filbert, na mkono uliokuwa umeshika jani ukaanza kushuka. Filbert akaliweka chini kwenye udongo, taratibu, akarudi nyuma. Kofia hakuivaa tena.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Mwenyekiti aliandika alichokiona, mfongo na vishina vyembamba, akapanga siku ya uamuzi, akaondoka na wenzake bila kunywa hata maji, kama sheria inavyotaka. Ilikuwa wazi upepo unavumia wapi. Wanaume walikuja kumshika Sylvanus mkono. "Wakili ni mkongwe bwana." "Angekuwa yule mtoto peke yake, tungekwisha." Aliyapokea yote. Goodness mwenyewe alikuja na macho mekundu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akashindwa kusema. Sylvanus akampigapiga bega mbele za watu.

Bibi Salvina aliwapa mtori, akawapa mbege, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu. Safari hii alianza na Sylvanus, nyama alimchagulia mwenyewe, na Sylvanus alikula kwa raha ambayo hakuwa ameipata tangu siku ule mkungu ulipompita. Alipomaliza, bibi akamwita nyuma, kwenye banda la ng'ombe, akasema anataka kumwonyesha ndama.

Ndama alikuwepo, lakini bibi hakumtazama.

"Wakili, yule mtoto alipokwenda kwenye masale, mimi nilikuwa nakuangalia wewe."

"Mimi, mama?"

"Yeye hajui. Nikasema, anayejua amesimama pale nyuma, sasa hivi atamzuia. Uliona mkono wake kwenye jani. Ukatazama mlima."

"Mama, mlima..."

"Mlima ulikuwa na mawingu. Hakukuwa na kitu cha kutazama."

Sylvanus aliinama, akajifanya kumpapasa ndama. Ng'ombe alikuwa anatafuna majani yake.

"Kaburi la mume wangu ulilirusha juu," alisema Bibi Salvina, "ili ulidake mwenyewe watu wakuone. Umelidaka. Nakushukuru, na chakula nimekupa. Je, kama lingekuponyoka?"

"Lisingeniponyoka, mama."

"Hukujua. Hata mimi sikujua ningejibu nini." Akavuta kanga yake mabegani. "Sasa huyo mtoto yuko jikoni anakusifu. Anasema umemwokoa. Nenda kamwambie."

"Nikimwambia ataondoka."

"Basi na aondoke. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na mimi sijui zile lugha zenu za mahakamani."

Walishuka kwenye gari la Sylvanus, wawili tu. Goodness alikuwa amepata sauti yake. Alisema alitaka ardhi ipasuke immeze. Alisema akifika atawapigia wazazi wake awaulize kwa nini hawakumfundisha mambo ya kwao. "Senior, naomba unifundishe isale yote," alisema. "Jumamosi, kama una nafasi. Sitaki kumwaibisha tena Bibi. Wala wewe."

Sylvanus alishika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa na maneno mengi ya kutetea, ni kazi yake hiyo, na yote aliyajaribu kichwani kati ya Uru na msitu wa Rau. Angeweza kusema alichelewa kuona. Angeweza kusema yale mafua yalikuwa hayajamtoka. Nyumba za Rau zilipoanza kuonekana, akapunguza mwendo.

"Goodness, nilikuona ukishika lile jani. Nilijua litakuwa nini. Sikukohoa kwa makusudi."

Binti alipoongea, hakuongea kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Lakini nilikutazama kwanza."

"Najua."

"Uliponyamaza nilifurahi. Nilijiambia, leo hajakohoa hata mara moja tangu tumefika. Nikasema, kumbe nimeiva." Akautazama mkono wake. "Kwa nini, Senior?"

"Wivu," alisema Sylvanus. Neno lilikuwa dogo sana kinywani. "Tangu lile swali lako la mfongo. Sikuweza kulala. Kesi yangu ya miaka yote ile, na swali ukaliona wewe."

Goodness aligeuka akamtazama, safari hii kwa mshangao wa kweli.

"Swali lile lilikuwa lako," alisema. "Tulikuwa tunakunywa chai, mwezi wangu wa kwanza. Ulisema mwizi wa ardhi anaweza kuhamisha masale peke yake, lakini mfongo hawezi, kwa sababu mfongo ni wa watu wote. Nililiweka moyoni nikingoja siku ya Filbert. Nilidhani siku ile umeniachia nisimame ili niliulize."

Sylvanus alitafuta chai hiyo katika kumbukumbu zake na hakuipata. Alikuwa amezungumza maneno mengi kwenye chai nyingi, akijisikiliza mwenyewe, na aliyekuwa anasikiliza kweli alikuwa mtu wa pili mezani. Miezi yote ile alikuwa anauonea wivu mkono wake mwenyewe.

Walifika kwenye njia ya kwenda alikopanga Goodness. Kila jioni, akishuka pale, alikuwa anasema, "Kesho, Senior." Leo alichukua mkoba wake na joho lake, akayapangusa tope mabuti kabla ya kushuka, ingawa gari lilikwishachafuka.

"Asante kwa lifti," alisema. Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Sylvanus alikaa na injini ikiwaka mpaka binti akapotea nyuma ya migomba ya jirani. Na wivu ukamrudia, mkali kuliko wote aliowahi kuuonja. Alimwonea wivu wakili asiyemjua, wa Moshi au Bomang'ombe au popote, ambaye Goodness atakuja kumgeukia na kumtazama usoni kabla hajanyoosha mkono.